Kwa nini deki haisomi video uliyodanlodi, na namna ya kutengeneza DVD inayocheza kweli

Hii shida inawasumbua watu wengi na wengi wanaishia kulaumu deki bure. Kameramani wa harusi siku hizi hakupi tena diski, anakutumia linki, unashusha faili la MP4 lina GB 3 hivi, ukilicheki kwenye simu liko safi kabisa, sasa unataka mama kijijini naye aone harusi ya mwanae, na mama ana deki ya DVD na tivii ya kichogo, simu yake kitochi, bando hana. Unanunua DVD tupu steshenari, unaiingiza kwenye laptopu, unakopi lile faili, linaingia mpaka mwisho bila tatizo. Ikifika kule deki inazungusha weee, mwisho inaandika No Disc, au inaandika Unknown Disc, na hapo ndo imeisha.

Faili limo ndani ya diski na halijaharibika. Ila kuweka faili kwenye DVD na kutengeneza DVD ni kazi mbili tofauti kabisa, na Windows yenyewe inachangia kuchanganya watu, maana ukiingiza diski tupu inakuuliza unataka itumike kama flashi au unataka itumike kwenye CD/DVD player, mtu anachagua hiyo ya pili akiamini kompyuta itamtengenezea kitu cha kuchezwa na deki. Haifanyi hivyo. Inachukua faili lako vilevile lilivyo na kulibandika kwenye diski, hakuna kilichogeuzwa.

Tuanze na faili lenyewe. MP4, MKV, AVI, hayo yote ni makontena tu, na kontena hata likiwa limesimama mbele yako pale bandarini hujui ndani kuna mitumba au mafriji mpaka lifunguliwe. Ndani ya MP4 kuna picha iliyobanwa kwa kodeki fulani, yaani mtindo wa kubana na kufungua data, na sauti iliyobanwa kwa kodeki nyingine. Video nyingi za mtandaoni picha yake ni H.264, ambayo ilitoka 2003, au H.265 ya 2013, na sauti mara nyingi ni AAC. Sasa DVD zilianza kuuzwa Japani mwezi wa 11 mwaka 1996, hizo kodeki zote mbili za picha hazikuwepo, na deki ya kawaida mpaka leo inatengenezwa kwa kanuni zilezile za kipindi kile, kwa hiyo chipu iliyomo ndani yake haijui kabisa H.264 ni kitu gani na hamna apdeti utakayoipa ikajua. Ndo maana pia ile ya kubadilisha jina la faili kutoka .mkv kuwa .avi haisaidii chochote, umebadilisha maandishi ya nje tu, mzigo ni uleule.

Kinachotakiwa na deki kinajulikana vizuri na hakina siri. Picha iwe MPEG-2, ukubwa wake pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde kwa nchi zetu zinazotumia PAL, yaani mfumo wa picha za tivii wa huku. Sauti iwe AC-3, MP2 au PCM, kwenye 48 kHz, na kama huna sababu maalum chagua AC-3 maana hiyo inakubalika kila mahali. Kingine ni bitireti, yaani kiasi cha data ambacho video inatumia kila sekunde, kwa upande wa picha isizidi megabiti 9.8.

Lakini hata ukishapata MPEG-2 safi bado hujamaliza, na hapa ndo watu wengi wanapokwama, hata wale wanaojua mambo ya kodeki. Chukua DVD yoyote orijino uifungue kwenye kompyuta uangalie ndani. Utakuta folda inaitwa VIDEO_TS, na humo kuna mafaili ya aina tatu. Yapo ya VOB, mfano VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB, hayo ndo yamebeba picha na sauti, na kila moja halizidi GB 1, filamu ndefu inakatwa vipande vipande namna hiyo na deki inaviunga yenyewe bila wewe kuona kiungo. Yapo ya IFO, haya ni madogo sana lakini ndo ramani ya diski nzima, yanasema filamu inaanzia wapi, sura ya tatu iko wapi, menyu iko wapi, lugha zipo ngapi. Alafu yapo ya BUP, ambayo ni kopi ya IFO iliyowekwa sehemu nyingine ya diski ili mkwaruzo ukipita kwenye IFO deki iwe na pa kukimbilia. Deki ikimeza diski kitu cha kwanza inachokitafuta ni VIDEO_TS.IFO, isipoliona haihangaiki tena, kwake hiyo siyo DVD ya video. Pembeni huwa kuna folda nyingine inaitwa AUDIO_TS, mara nyingi haina kitu, usishangae na wala usiifute, kuna deki za zamani zinataka kuiona ipo.

Kwa hiyo kazi zipo tatu kwa mpangilio: kugeuza picha na sauti ziwe za aina inayotakiwa, kuzipanga kwenye muundo wa VIDEO_TS, alafu kuchoma. Programu nzuri inafanya zote tatu kwa mkupuo.

Sasa kitu ambacho naona kinawapa watu hasara zaidi ya vyote, ukubwa wa faili. Mtu ana filamu nne, kila moja MB 900, anapiga hesabu anaona jumla GB 3.6, DVD ni GB 4.7, anasema zinaenea na chenji inabaki. Hesabu hiyo haifanyi kazi kwenye DVD ya video. MPEG-2 inabana data vibaya kuliko H.264, picha yenye ubora uleule inahitaji kama mara mbili ya data, kwa hiyo MB za faili la mwanzo zisahau kabisa, unachotakiwa kuangalia ni muda. Diski ya GB 4.7 (kompyuta yako itaionesha kama 4.37 kwa sababu inahesabu kwa 1024, hujaibiwa) inabeba megabiti kama 37,600. Video ya masaa mawili ni sekunde 7,200, gawanya unapata megabiti 5.2 kwa sekunde, toa sauti, toa na kidogo cha vile vifungashio vya VOB, picha inabakiwa na kama 4.8. Hapo picha ni nzuri. Video ya masaa matatu, na harusi zetu ukijumlisha kanisani au msikitini na ukumbini masaa matatu hayakosekani, inabakiwa na kama 3.1, bado inaangalika ila pale watu wanapocheza na taa za ukumbi zinawaka zinazima utaanza kuona vibox vibox. Hizo filamu nne za masaa mawili mawili ni masaa nane, picha inabakiwa na chini ya megabiti 1.1, na hapo ukilazimisha 720 kwa 576 unapata uchafu.

Zile diski za barabarani zenye filamu nyingi kwenye DVD moja zinapatikanaje basi? Wanashusha ukubwa wa picha mpaka 352 kwa 288, ambao ni ukubwa wa VCD ya 1993, na kanuni za DVD zinaruhusu hilo. Kwa kiwango hicho diski moja inabeba masaa saba na kitu. Kwenye kichogo cha inchi 14 unaweza usigundue, kwenye tivii flati ya inchi 43 picha nzima ina ukungu. Kwa maoni yangu kwa video ya familia usifanye hivyo, nunua diski mbili, kanisani iwe diski ya kwanza, ukumbini diski ya pili, na video ikiwa ya lisaa limoja basi weka megabiti 7 au 8 inatosha, usikimbilie mwisho wa kanuni maana kuna deki zinashindwa kufuata kasi hiyo kwenye diski za kuchoma na picha inaanza kugandaganda.

Na usitegemee miujiza upande wa pili. Kama video ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp imeshabanwa vya kutosha, kuiweka kwenye DVD kwa bitireti kubwa hakuirudishii kilichopotea. Muombe kameramani faili lenyewe.

Kuhusu PAL na NTSC. Tanzania, Kenya, Uganda, Oman kote huko ni PAL. Marekani ni NTSC, picha ni 720 kwa 480 na fremu 29.97 kwa sekunde. Deki nyingi za huku zinacheza zote mbili bila shida, lakini deki nyingi zinazouzwa Marekani zinakataa PAL, kwa hiyo kama diski inaenda kwa shangazi yuko Houston mtengenezee NTSC tangu mwanzo. Habari ya region, yaani kufuli linalozuia DVD ya eneo moja la dunia kuchezwa kwenye deki ya eneo lingine, haikuhusu ukitengeneza mwenyewe. Ni kweli sehemu kubwa ya Afrika ni region 5 na Uingereza ni region 2, ndo maana DVD ya dukani kutoka London inaweza kukataa hapa, ila diski yako ya nyumbani inatengenezwa ikiwa wazi kwa region zote.

Umbo la picha nalo linaleta malalamiko. DVD inajua maumbo mawili tu, 4:3 na 16:9, na cha ajabu kidogo ni kwamba yote mawili yanatumia pikseli zilezile 720 kwa 576, tofauti ni alama inayoiambia deki inyooshe vipi. Video za siku hizi ni pana, chagua 16:9. Ukifika ukaona watu kwenye kichogo wamekuwa warefu wembamba, usirudie kuchoma, chukua rimoti ingia kwenye setapu ya deki, kwenye TV Type kutakuwa pameachwa 16:9, weka 4:3 Letterbox, picha itakaa sawa na mistari myeusi juu na chini. Pia vichogo vinakata kidogo pembeni pande zote, kwa hiyo majina ya maharusi usiyabandike pembezoni kabisa mwa fremu. Video iliyorekodiwa simu ikiwa wima itakaa katikati imezungukwa na weusi, hamna dawa ya maana ya hilo.

Video za simu zina ugonjwa mwingine, sauti inaanza vizuri alafu inachelewa taratibu mpaka mwisho mtu anaongea na mdomo umeshafungwa. Sababu ni kwamba simu nyingi hazirekodi fremu kwa kasi moja, kukiwa na giza zinapunguza, kukiwa na mwanga zinaongeza, na DVD inataka 25 kamili muda wote. Pitisha kwanza hilo faili kwenye programu ya HandBrake, weka fremu 25 na uchague Constant Framerate, alafu hilo jipya ndo ulipeleke kwenye programu ya DVD. Ila elewa vizuri kazi ya HandBrake, hii inatoa mafaili kama MP4 na MKV, haitengenezi DVD, na watu wengi sana wanashauriana huko kwamba uitumie kutengeneza DVD.

Programu ninayowashauri watu ni DVDStyler. Ni ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux. Unaifungua, inakuuliza mwanzoni kabisa ukubwa wa diski, PAL au NTSC, 4:3 au 16:9, aina ya sauti, hapo ndo unajibu yale tuliyoyasema juu, bitireti iachie auto itapiga yenyewe hesabu ya muda. Unachagua menyu, au usichague ukitaka diski ianze kucheza yenyewe, na kwa wazee mimi naona isiyo na menyu ni bora, wanaweka tu inaanza. Unaburuta video zako kule chini, kuna kipimo kinakuonesha umejaza dakika ngapi. Ukibonyeza kuchoma, itakupa uchaguzi wa kutoa folda, kutoa faili la ISO (diski nzima ikiwa faili moja, tayari kuchomwa) au kuchoma moja kwa moja, chagua ISO. Hakikisha kwenye hadi diski ya kompyuta una nafasi kama GB 10, maana inaandika vitu vya muda kabla ya kumaliza, na kwenye laptopu ya zamani kazi hii inachukua masaa, iache usiku kucha na umeme uwe wa uhakika. Baadhi ya matoleo ya Windows Vista na Windows 7 yalikuwa na Windows DVD Maker ndani, kuanzia Windows 8 iliondolewa. Na kama unapenda kuandika amri, ffmpeg inakupa MPEG-2 sahihi kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 3000k harusi.mpg

Kumbuka tu hiyo inakupa faili la mpg, ile kazi ya VIDEO_TS bado ipo, utaifanya na programu ya dvdauthor au utaliingiza kwenye DVDStyler.

Filamu yenye maandishi ya tafsiri kwenye faili la SRT, DVDStyler inakubali kuyaongeza, yanakuwa ya kuwasha na kuzima kwa rimoti. Kumbuka deki haisomi SRT kutoka kwenye DVD ya video, yanageuzwa kuwa vipicha vidogo vyenye rangi zisizozidi nne, kwa hiyo usihangaike na mapambo.

Kuna njia ya mkato, na inategemea deki yenyewe. Iangalie usoni, pale kwenye kimlango cha diski au pembeni yake. Ukiona nembo ya DivX, hiyo deki inasoma mafaili ya AVI yaliyobanwa kwa DivX au Xvid, na hapo huhitaji VIDEO_TS wala nini, unachoma mafaili kama data au unayaweka kwenye flashi kama deki ina tundu la USB. Picha isizidi 720 kwa 576, sauti iwe MP3 au AC-3, flashi iwe imefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Hapa ndo filamu kadhaa zinaenea kwenye diski moja na picha ikabaki safi. Ukipata picha bila sauti, jua sauti ni AAC au DTS, ibadilishe hiyo peke yake, picha usiiguse. Deki zisizo na hiyo nembo nazo kuna zinazosoma AVI, huwezi kujua mpaka ujaribu, na kama deki iko mbali na wewe usiibahatishe, tengeneza DVD kamili.

Kuchoma sasa. Kwa deki za zamani nunua DVD-R, ndo inayokubalika zaidi kuliko DVD+R. Zile za kufuta na kuandika tena, RW, zinarudisha mwanga kidogo kuliko R na deki nyingi zilizochoka haziziwezi, tumia za kujaribia tu. Chagua kasi ya 4x au 8x hata kama diski imeandikwa 16x, na uhakikishe diski inafungwa mwisho, yaani finalize, isipofungwa kompyuta iliyoichoma itaisoma na deki itakataa. ImgBurn kwenye Windows inachoma ISO vizuri na ukiacha Verify ikiwa imewashwa inasoma diski nzima baada ya kuchoma na kulinganisha, subiri imalize. Stika za karatasi usibandike juu, zinaifanya diski ikose mizani ikizunguka, andika kwa maka peni laini.

Kabla hujatupa diski kwa sababu deki imeandika No Disc, jaribu kwanza DVD orijino ya dukani. Deki ina miale miwili, wa CD na VCD ni nanomita 780, wa DVD ni 650, na mmoja unaweza kufa mwingine ukabaki mzima, ndo maana unakuta deki inacheza VCD za kwaya na kaswida vizuri tu lakini DVD hata moja haioni. Hapo peleka kwa fundi au isafishe lenzi. Kama orijino inacheza na yako haichezi, tatizo liko kwenye diski yako, rudia kwa kasi ndogo au badili aina ya diski.

Haki nazo zipo. Harusi yako, msiba wa kwenu, video ya shule uliyopewa ruhusa, choma uwezavyo. Filamu ya mtu kuidanlodi na kuitoa kopi za kuuza ni kosa, kwa Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalikataza hilo na COSOTA ndo wasimamizi, na wasanii wa bongo muvi wameumia sana kwa biashara hiyo.

Ukishachoma usiangalie dakika mbili za mwanzo ukaridhika. DVD inaandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na makosa ya kuchoma mengi yanatokea huko ukingoni, kwa hiyo ruka mpaka dakika kumi za mwisho uone kama zinapita bila kuganda. Na lile faili la ISO usilifute, litunze pamoja na MP4 yenyewe kwenye hadi diski ya nje, akija baba mdogo au jirani kutaka kopi yake ni kuchoma tu dakika kumi na kitu, ile kazi ya usiku kucha hairudiwi.